Mwali wa Barabara ya Pugu

Siku ya kwanza kazini nilivaa shati la kanisani. Mke wangu ndiye aliyenilazimisha. Alisema mtu haendi kuomba kazi kwa Mzungu na shati la shamba. Karakana ilikuwa Barabara ya Pugu, ukishaipita Kipawa, ukuta wa matofali mbele, mabati nyuma, na uwanja mpana uliojaa malori yaliyopinda kila mahali panapoweza kupinda. Bwana Meneja, Mwingereza mnene mwenye kiko ambacho sikuwahi kukiona kikiwaka, alinitazama mikono, uso hakuutaka. Akasema, "Wewe nakwenda kwa Kondo. Kondo nasema mzuri, wewe nabaki. Kondo nasema mbaya, wewe narudi kwenu." Huo ndio uliokuwa usaili wangu.

Kondo alikuwa mnyapara wa bodi, yaani mkubwa wa wote walioshughulika na umbo la nje la gari: milango, madigadi, boneti, paa. Mzaramo wa Mtoni, mfupi, na kofia ya viua nyeupe ambayo hadi leo sijui ilibakije nyeupe mle ndani. Hakuniuliza jina.

"Kwenu wapi?"

"Tabora, mzee. Mie Mnyamwezi."

Akaweka nyundo chini polepole, akawageukia wenzake na kupaza sauti. "Jamani, njooni muone! Mpagazi wangu kaja! Babu yake huyu alipita kwetu na pembe kichwani, akaomba maji, tukamnyima!"

Nikajibu bila kufikiri, "Akajichotea mwenyewe, mzee, maana nyie wote mlikuwa mmelala, mmechoka na ngoma."

Karakana nzima ikaangua kicheko, na Kondo akacheka kuliko wote. Kazi nikaipata papo hapo.

Nyie vijana wa leo utani mnaujua wa kwenye simu tu, kwa hiyo nieleze. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Wazee wetu walipita nchini kwao na mizigo wakielekea pwani. Wakagombana nao, wakachoka kugombana, wakaishia kutukanana kwa kicheko. Mtani hakasirikiwi. Anaweza kuingia kwako akala chakula chako na kukwambia kibaya. Lakini utani una upande wa pili ambao si mchezo. Ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kushika jembe. Anachimba kaburi, anapasua kuni, anawachekesha wafiwa hata kama hawataki, na mwisho anadai ada yake, kitu chochote cha marehemu, ndipo mambo yaishe.

Hilo nililiona kwa macho yangu mama yake Kondo alipofariki. Nilikuwa bado mgeni Dar. Wanyamwezi wa Temeke walinipitia asubuhi, tukaenda Mtoni. Kondo, kwa uchungu, alikuwa ameshachukua jembe mwenyewe. Mzee mmoja wa kwetu akamnyang'anya na kumwambia, "Toka hapa! Umeona wapi mfiwa akachimba kaburi? Kakae mkekani ulie, hiyo ndiyo kazi yako." Kondo akaenda kukaa. Sie tukachimba, huku tukimsema marehemu kwamba alikuwa mchoyo wa nazi. Kilio kilikuwepo na kicheko kilikuwepo. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba sasa ndiyo nimefika mjini.

Sasa tuje kwenye kazi. Siku zile bodi haikuja kwenye boksi. Gari likigonga mnazi, kipande kipya kilikuwa ng'ambo ya bahari, na meli ina mambo yake. Kwa hiyo tulitengeneza wenyewe. Unachukua bati bapa, unaliweka juu ya mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga, unalipiga kwa nyundo ya mbao hadi libonyee. Halafu unalihamishia kwenye fuawe, kile chuma kizito cha chini, unalipiga tena kwa nyundo ya chuma yenye uso laini kama kioo, makovu yote yapotee. Bati likipigwa sana linakuwa gumu na kukasirika. Lazima ulilegeze kwa moto. Lile jeupe jepesi la aluminiamu halioneshi rangi likipata moto, linayeyuka tu ghafla ukabaki unashangaa. Dawa yake ni sabuni ya mche. Unalipaka sabuni, unalichoma taratibu, sabuni ikiwa kahawia unaondoa moto. Nyie mna vipimajoto. Sie tulikuwa na sabuni, na ikibaki tunaogea.

Kondo alinifundisha kukagua kwa kiganja. Jicho linadanganywa na mwanga, alisema, kiganja hakidanganywi. Ulipitisha mkono juu ya bati macho yamefumbwa, ukikuta kilima hata cha unene wa unywele unarudia. Kusifia hakujua. Ukifanya vizuri alipita kimya, ukifanya vibaya alisema, "Mpagazi, hii umeipiga kwa kichwa?"

Siku moja tulimaliza mlango wa gari la daktari mmoja. Ulikuwa umekunjwa kama chapati, tukaurudisha hadi mwenyewe akawa hajui ni upande upi uliogongwa. Nikamwambia Kondo kwamba tumefanya kazi ya kujivunia. Akafuta mikono.

"Unajivunia nini? Kazi ya mpiga bati ikiwa nzuri, haionekani. Ikionekana, ni mbaya. Mie nimepiga bati tangu ndevu hazijaota, na hakuna mahali duniani unapoweza kunyoosha kidole ukasema hapa pana mkono wa Kondo. Mwashi anaonesha nyumba. Seremala anaonesha mlango. Mie naficha tu aibu za watu."

Alisema bila huzuni, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Lakini neno lile liliniingia.

Baadaye nilihamishiwa mtaa wa Gerezani, kwenye tawi la vipuri, chini ya Bwana Stoo, Mzungu aliyehesabu hata misumari iliyopinda. Nilikaa huko nikiwa mnyonge wa roho, maana mtu aliyezoea nyundo ukimpa rafu za boksi ni kumfunga tu. Niliporudishwa Barabara ya Pugu, Kondo alinipokea langoni. "Umerudi na mzigo gani, mpagazi?" Nikamwambia nimerudi mikono mitupu. "Vizuri. Kuna kitu humu ndani kinahitaji mikono."

Kilikuwa chini ya turubai, pembeni kabisa, na Bwana Meneja alikuwa ametoa amri mtu asilifunue ovyo wala asilizungumze nje. Lilikuwa gari. Liliteremshwa bandarini kwenye kreti, likaja limevutwa na lori, pamoja na Mzungu wake, ambaye sie tulimwita Bwana Injinia. Halikuwa na jina popote, wala mbele wala nyuma. Kiwanda cha kwao Ulaya kilikuwa kimeunda hilo moja tu kwa majaribio. Likifaulu kwenye joto letu, vumbi letu na mashimo yetu, yangeundwa mengine na kuuzwa dunia nzima.

Ukilitazama kwa nje lilikuwa gari la heshima tu, la milango minne, rangi ya kijivu, la kumpeleka mchungaji kanisani na mkewe. Ila Bwana Injinia alipofunua boneti nilisema, "Mama yangu!" Ndani mlijaa injini ya magari ya mashindano, imebanwa kotekote hata mkono haupiti. Viti vya watu wa familia, na moyo wa kichaa. Sijapata kuona tena gari la namna hiyo.

Kondo ndiye aliyelipa jina. Kwao Wazaramo binti akivunja ungo huwekwa ndani. Hafanyi kazi za nje, haonekani na watu, anafundwa na kutunzwa, hadi siku ya kutolewa nje kwa ngoma, amependeza, mji mzima ukamtazame. "Huyu ni Mwali," alisema akipapasa turubai. "Amewekwa ndani. Siku yake ipo." Bwana Injinia aliposikia jina na maana yake alifurahi sana. Kuanzia hapo kila asubuhi aliingia akiuliza, "Mwali tayari?" Mwingereza yule alikuwa mwembamba kama ufagio, mpole, na akishika usukani anabadilika kabisa.

Majaribio yalikuwa hivi. Tunatoka alfajiri barabara ikiwa haina watu, tunapandisha vilima vya Pugu, tunafika Kisarawe, siku nyingine tunakwenda hadi njia ya Morogoro. Nyuma waliweka magunia ya mchanga badala ya abiria, na mchanga ulipopungua waliniweka mie. Kondo alisimama langoni akipiga makofi. "Leo mpagazi amekuwa mzigo!" Nami nikajibu kwamba bora mzigo unaotembea kuliko Mzaramo anayelala. Lakini sikuwa na maneno mengi tulipofika kipande kilichonyooka. Sindano ya spidi ililala upande wa pili, minazi ikawa ukuta mmoja, nami nikasali sala zote za Wamisionari na nyingine nikatunga.

Honi ya umeme ilikufa mapema kwa vumbi. Kondo akang'oa honi ya mpira, ile ya kubana kwa mkono, kwenye lori letu moja kuukuu lililokuwa limelala uani, akaifunga nje ya dirisha la dereva. Basi gari la mbio kuliko yote Afrika ya Mashariki likawa linapiga kelele kama bata aliyekanyagwa. Bwana Injinia alicheka hadi machozi, akaamuru ibaki.

Tatizo kubwa lilikuwa joto. Barabarani Mwali hakuwa na neno, upepo ulimpoza. Ila tukiingia mchanga mzito na mwendo ukapungua, joto lilijaa chini ya boneti, rejeta ikachemka, petroli ikageuka mvuke kabla haijafika kwenye injini, na gari likafa katikati ya njia. Bwana Injinia alichora kwa chaki mahali pa kutoboa matundu kwenye boneti. Tukatoboa yakitazama mbele. Joto likapungua, lakini mvua ya kwanza ikamwagikia ndani yote, na vumbi likafuata. Kondo akasema yatazame nyuma, kama matamvua ya samaki. Akayapiga, yakawa madogo mno, joto likarudi. Akayapanua, bati likapasuka. Bwana Injinia alijua upepo unapita wapi, Kondo alijua bati linakubali nini, na kila mmoja peke yake alikwama.

Mwishowe waliinama pamoja juu ya fuawe moja, mmoja akionesha kwa kidole, mwingine akipiga, siku nyingi, hadi ikatoka boneti mpya kabisa, yenye matamvua marefu pande mbili, kila moja likipungua kidogo kuliko la mbele yake. Ilikuwa nzuri, jamani. Haikufanana na kitu chochote kilichotoka kiwandani. Na ilifanya kazi: tulimlisha Mwali mchanga wa Kisarawe mchana kutwa na rejeta ikabaki imetulia.

Siku ile Bwana Injinia alisimama mbele yetu wote. Akaweka mkono juu ya boneti.

"Kondo, hii mimi napeleka Ulaya. Gari hii nakwisha tengenezwa, zote, zote, nakuwa na boneti ya wewe."

Kondo alipitisha kiganja juu ya matamvua yale, macho amefumba, kana kwamba anakagua, ila hakukuwa na cha kukagua. Jioni tukitembea kurudi aliniambia, "Umesikia? London huko. Mtu ataegesha gari lake, na pale mbele pana mkono wangu." Halafu akacheka. "Hawatajua ni wa nani. Lakini utaonekana. Mie nitajua." Toka siku hiyo alitembea kama mtu aliyeposa.

Bwana Injinia aliondoka kwa meli kwenda kutoa taarifa, akaacha Mwali chini ya turubai. Tukangoja. Kondo alikuwa akimfuta vumbi kila asubuhi kabla ya kazi nyingine.

Kisha ikaja simu ya maandishi kutoka ng'ambo. Bwana Meneja alituita tukasimama mbele ya baraza. Akasema kiwanda kimeacha. Gari halitaundwa. Wakubwa wa huko wameona ni ghali, na wamekwisha ingia kwenye mambo mengine. Na lile moja lililopo likatwe vipande, lote, hasa boneti, wasije watu wa viwanda vingine wakaiga.

"Kondo nakata," alisema. "Kondo mkubwa ya bodi. Mimi nataka mkono yake, halafu mimi naandika: imekwisha."

Kondo alivua kofia. Sikuwahi kumwona akivua kofia mbele ya Mzungu. "Bwana, tulifanye gari la kazi. Tulipake rangi nyingine, tuling'oe injini..."

"Hapana."

"Basi boneti peke yake, Bwana. Niiweke ukutani humu humu."

"Kondo, mimi hapana penda. Amri ni amri. Kesho, kabla ya chakula ya mchana. Wewe hapana kata, mimi natafuta mnyapara ingine." Nitasema kweli: hakusema kwa ukali. Alikuwa anatazama kiko chake.

Tulitembea na Kondo hadi njia panda ya kwake na yangu. Ndipo akasema, "Mie sikati. Anifukuze."

"Utakula nini, mzee? Na Tatu?" Tatu alikuwa binti yake wa pekee, bado anasoma.

"Sijui. Ila mkono uliopiga ile boneti hauwezi kuikata. Hata nikiuambia, hautakubali."

Nilimjua. Halikuwa neno la hasira la kupoa asubuhi. Nilifika nyumbani. Kitandani nilimwona kwa mawazo Kondo nje ya lango, mzee yule, nyundo zake kwenye kikapu, akianza kuzunguka karakana za Wahindi kuomba kazi kwa vijana aliowafundisha yeye. Nilimpenda mtu yule. Wakati ule sikujua kulisema neno hilo, leo nalisema.

Asubuhi turubai liliondolewa. Waliokuwa kwenye malori wakaacha malori, wa injini wakaacha injini, tukasimama wote. Bwana Meneja alikaa barazani kwenye kiti. Kondo akapewa msumeno wa chuma, na pembeni tindo na nyundo kubwa. Akausogeza msumeno hadi ukingo wa boneti. Ukasimama hapo. Akaurudisha. Akaupeleka tena. Bwana Meneja akainuka.

"Kondo. Nakata ao hapana?"

Nikamwona Kondo anafungua mdomo kusema la kumfukuzisha. Na hapo, sijui lilitoka wapi, nikaliona jembe la Mtoni, na mzee wa kwetu analinyang'anya.

Nikaruka mbele nikampokonya msumeno kwa nguvu. "Toka hapa, Mzaramo weye! Umeona wapi mfiwa akachimba kaburi?"

Kondo alinitazama kama mtu aliyeamshwa.

"Nakwambia toka! Mchoyo mkubwa! Mtani nipo, mzima, nimekula muhogo wako miaka yote hii, halafu msiba ukitokea unataka kuchimba mwenyewe uninyime ada? Kakae mkekani ulie. Hiyo ndiyo kazi yako!"

Mtu mmoja nyuma akaguna, "Kweli bwana." Mwingine akakimbia stoo, akarudi na mkeka wa kusalia, akautandika kando ya ukuta. Kondo akaenda kukaa. Alikaa kama walivyokaa wafiwa, magoti juu, mikono imefumbata, na mabegani pakashuka kitu.

Bwana Meneja alikuja hadi nilipo. "Mimi nasema Kondo, wewe naingia wapi?"

"Bwana," nikamwambia, "huyu amefiwa. Kwetu aliyefiwa hachimbi. Mtani wake ndiye anayechimba, na mtani wake ni mie. Mkono wangu ni mkono wake. Andika ni yeye, si uongo."

Alimtazama Kondo mkekani. Alitazama watu wote wale waliovua kofia kwa ajili ya gari. Alikuwa ameishi nchini miaka mingi, na huenda alielewa, huenda alichoka tu. "Kabla ya mchana," akasema, akarudi kwenye kiti chake.

Nikaanza nyuma, kwenye buti, nikasogea mbele polepole. Na huku nikikata nilimsema marehemu, maana ndiyo sheria. "Mwali mvivu wewe! Umelishwa petroli, umefutwa kila asubuhi, na mchumba hata mmoja hukupata! Na sauti yako mbaya kama ya bata, nani angekuoa?" Wenzangu wakapokea. "Mkali kwenye mteremko, kwenye mchanga analia!" "Mpagazi alijikojolea kwenye kiti chake!" Hilo la mwisho ni uongo, naliandika tu kwa sababu lilisemwa. Nikageuka nikamwona Kondo anacheka na machozi yanamtiririka hadi kidevuni, hayafuti.

Nilipofika kwenye boneti kicheko kiliisha chenyewe. Niliumia. Sitaficha, niliumia kama naikata nyama. Sikupiga tindo ovyo. Nilikata kwa kufuata mistari ya matamvua yake, tamvua kwa tamvua, ukingo safi, kama alivyonifundisha kukata kitu kinachotakiwa kuunganishwa. Naye alisikia kila pigo. Sikio lake lingejua mara moja kama nimeharakisha.

Nikaacha kipande cha mwisho nikageuka. "Mfiwa! Ada yangu iko wapi? Simalizi bila ada."

Bwana Meneja akasema kutoka barazani, "Hakuna kitu natoka!"

Kondo akainuka kwenye mkeka. Alizungumza taratibu, sauti imerudi kuwa yake. "Bwana, honi si ya kiwanda. Ya kiwanda ilikufa. Hii niliitoa kwenye lori letu bovu. Mwali aliazima tu."

Bwana Meneja akaja, akaishika ile honi ya mpira, akaigeuza, akaibana. Ikalia kama bata. Nadhani ndiyo mara yangu pekee kumwona yule mtu akitabasamu. Akanipa, akaingia ofisini kuandika aliyotakiwa kuandika.

Nikakata kipande cha mwisho. Kondo akaja akainama, akapitisha kiganja kwenye ukingo nilioukata, macho amefumba.

"Umekata vizuri, mpagazi," akasema.

Miaka yote niliyofanya naye kazi, ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa.

Aliendelea na kazi yake, hadi macho yalipoingia ukungu akastaafu kwa heshima, na unyapara nikaupokea mie. Bwana Meneja alirudi kwao. Nikawa chini ya Mameneja wengine, Mwingereza, Mhindi, na baada ya uhuru Mwafrika mwenzetu aliyejua kuvaa tai kuliko kushika spana, ila mtu mwema. Nilifunga karakana mbili, nikafungua moja, nikafundisha vijana ambao sasa wana wajukuu. Sikuona tena boneti yenye matamvua yale. Magari mengi yalikuja na matundu ya namna nyingine, na kila moja nililipitishia kiganja, sijui nilikuwa natafuta nini.

Kondo alipofariki walinipa habari kabla hata ya ndugu wengine, maana mtani lazima afike mapema. Nilichimba mwenyewe ingawa mgongo ulishaanza kunikatalia. Jeneza lilipotoka nyumbani Mtoni, wakaliinua begani, nikasimama katikati ya njia nikawazuia, na nikaibana honi. Watu walishtuka, halafu waliofanya kazi Barabara ya Pugu wakaijua ile sauti, wakaanza kucheka, wakalia. "Hapiti!" nikasema. "Huyu miaka yote anataka mkono wake uonekane, haya, nimewaletea watu waje kuuona!" Nikanyoosha mikono yangu miwili. "Huu hapa! Na ule pale, wa yule fundi! Na wa yule!" Nilishindwa kuendelea. Tatu ndiye aliyekuja akanishika, akaniondoa njiani.

Sasa nimestaafu, nipo Temeke na kiti changu. Mafundi vijana wanakuja kuniuliza mambo, wanacheka nikitaja sabuni ya mche, wanakwenda kujaribu, wanarudi hawacheki. Bodi siku hizi inakuja kwenye boksi na rangi yake. Si vibaya. Mtu hahitaji kuumia kila mahali tulipoumia sie.

Honi ipo ukutani, kwenye msumari. Mie nikifa watakuja Wazaramo kunichimbia, na ada yao wameshaichagua, ni honi hiyo. Tatu, ambaye ni bibi sasa, hupitia kwangu akitoka sokoni. Anaanza na adabu, "Shikamoo, baba," nami naitikia, "Marahaba." Halafu anakaa, anatua kikapu, na adabu inaishia hapo.

"Bado tu hujafa, mpagazi?"

"Nakungoja wewe utangulie, mla nazi."

Juzi alisimama akaitoa honi msumarini, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaibana. Haikulia, ilipumua tu. Akaichunguza mpira, akauminya huku na huku.

"Umekauka, umepasuka," akasema. "Sasa unasemaje? Unakwenda karibuni nivumilie na huu huu, au ninunue mpya?"

Nikamwambia, "Nunua mpya."

Akanitazama kidogo. Kisha akafunga kikapu chake, akaenda kununua.